Kiti cha Inchi Ishirini

— Usiangalie huku, Korane. Angalia mbele, — Diriye alisema.

Korane akaangalia mbele, mikono kwenye usukani wa teksi yake, Corolla nyeupe. Kushoto kwake alimsikia Diriye akihema, akimnyanyua dada yake, Abshiro, kama gunia la sukari na kumpandisha kitini. Magongo mawili yakatupwa kiti cha nyuma, Diriye naye akaingia huko huko, mlango ukafungwa.

Kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Abshiro alikuwa mshonaji, na kibanda chake kilikuwa sokoni Garissa. Miguu yake ililegea kwa polio akiwa na miaka minne. Chanjo ilikuwepo Nairobi. Wakubwa walisema inakuja, na huu ulikuwa mwaka wa tisini na sita, labda ilikuwa bado njiani. Korane si ndugu yake, hawezi kumgusa. Kwa hiyo Diriye hubeba, na Korane huangalia mbele.

Gari lenyewe lilikuwa refu kupita kawaida. Mfanyabiashara wa Takaba aliyekuwa nalo mwanzo alilipandisha kwa vipande vya chuma juu ya springi na tairi kubwa, lisikwame mchangani. Huyo angefanya nini, barabara inaahidiwa kila uchaguzi na baada ya kura haionekani hata greda? Korane alilinunua kwa ngamia wake wanne, mwaka aliofiwa na mkewe, Fatumo. Fatumo alifia mlangoni akisubiri gari la wagonjwa ambalo lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyemwita Korane akakosa gari.

Asubuhi hiyo Diriye alikuwa na habari. Kuna mtu wa Kutulo, mwenye maduka, ametuma wazee. Anamtaka Abshiro awe mke wa pili, na jibu linatakiwa kabla mwezi haujaandama.

— Ana Land Rover mbili, abaayo, dada yangu, — Diriye alisema.

— Land Rover ni juu kuliko hii. Atanipandisha nani?

— Yeye mwenyewe. Atakuwa mumeo.

— Kwa hiyo wewe umechoka, unahamisha mzigo.

Abshiro hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekata kitambaa palipochorwa.

— Aboowe, kaka yangu, sikulaumu. Lakini sitoki mikononi mwa mwanamume mmoja nikaingia mikononi mwa mwingine. Atakayenioa ni yule nitakayeingia kwake na kutoka kwake mimi mwenyewe, bila kubebwa. Kama hayupo, cherehani yangu inanitosha.

Korane aliwashusha sokoni, kisha akakaa garini peke yake muda mrefu bila kuwasha injini. Miaka miwili alikuwa akimpenda mwanamke huyo kwa kuangalia mbele. Aliijua sauti yake, jinsi alivyowatania wateja, jinsi alivyokataa kushushiwa bei ya nauli. Sasa alisikia mlango umefunguliwa kidogo, na akaona njia ya kuupita.

Jumatano akaenda kwa Yarrow, fundi wa magari. Akamwambia alishushe gari.

— Kiasi gani?

— Sana.

Yarrow alicheka mpaka akaweka spana chini. Akauliza kama mzee mzima na mvi zake anataka kushindana na vijana wa Eastleigh, na kama atatia na redio ya kupiga ngoma. Yarrow akatoa vile vyuma, akakata mizunguko miwili kwenye kila springi, akafunga tairi ndogo. Jioni Corolla ilikuwa imelala chini kama mbwa aliyeshiba.

Jumamosi Korane alifika kwa kina Abshiro. Abshiro alilitazama gari, akamtazama yeye, akamwambia kaka yake angoje. Akageuka, akashika mlango, akajiachia. Akatua kitini mwenyewe. Alitabasamu, na Korane, aliyekuwa anaangalia mbele, alilisikia tabasamu hilo.

Furaha haikufika sokoni. Springi zilizokatwa zilirukaruka, eksozi ikakwaruza kila tuta, mara mbili Abshiro akagonga kichwa kwenye paa. Walipofika alishika mlango kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena. Kiti kilikuwa chini mno. Miguu isiyo na nguvu haiwezi kupanda kutoka shimoni. Watu wakaanza kusimama, wauza maziwa, wachukuzi, kila mtu na ushauri wake. Mwisho Diriye akaingiza mikono akamchomoa, kweupe, mbele ya soko zima.

Korane alitaka ardhi impasukie. Abshiro alijiweka sawa juu ya magongo yake, akangoja watu watawanyike.

— Nani alikupimia?

— Nilidhani ikiwa chini kabisa...

— Ulidhani. Umemuuliza Yarrow, umeuliza huruma yako, mimi niliyekaa kando yako miaka miwili hukuniuliza. Ningekushonea kanzu bila kukupima, ungeivaa?

— La.

— Basi.

Akaingia kibandani. Korane alirudi nyumbani akiendesha polepole kama anayesindikiza maiti, na siku mbili hakula vizuri. Jumatatu mtoto wa jirani akaja kumwambia anaitwa sokoni na fundi wa nguo.

Alimkuta ameketi juu ya kreti ya soda iliyopangwa vitambaa. Pembeni, mama mzee Arbia, jirani yake wa kibanda, alikuwa akinywa chai na kujifanya haoni. Abshiro aliinuka, akaongeza kitambaa kimoja, akakaa, akainuka. Akaongeza kingine. Kilipozidi alishindwa kukaa. Kilipopungua alishindwa kuinuka. Jasho lilimtoka. Korane alipiga hatua ya kumsaidia, akakumbuka, akarudi nyuma. Hatimaye Abshiro akachukua utepe wake, akapima kutoka chini mpaka juu ya kile kitambaa cha mwisho.

— Inchi ishirini. Si kumi na tisa na nusu, si ishirini na moja. Unaweza kunipatia?

— Naweza, wallahi.

— Usiape. Kapate.

Korane akaenda posta, akajipanga kwenye foleni ya simu na sarafu mfuko mzima. Alimpigia Salah, kijana wa Garissa anayeuza vipuri Nairobi, akamweleza yote, hata ya aibu.

— Springi mpya za kawaida zitakupa kimo cha kiwanda, — Salah alisema. — Si kimo cha huyo mama. Unataka shoki, zile za kuzuia gari isirukeruke, lakini zenye springi juu yake, kitu kimoja, na mwili wake umechongwa uzi kama boliti. Unazungusha nati, gari inapanda au inashuka.

— Ziko?

— Ziko za namna tatu. Za mashindano, hizo bei yake ni shamba, na ni ngumu kama ubao, atahesabu kila jiwe kwa mgongo. Ziko za bei ya bure, unashusha kwa kulegeza springi tu, ukipita tuta springi inacheza ndani na kupiga kelele. Halafu ziko hizi za bei ya kati, zilizotumika, zimetoka Japani kwenye gari ya mtu mpole. Hazina mapambo. Lakini mguu wenyewe wa shoki ndio unashuka, springi inabaki imekaza.

— Naendesha kila siku, Salah. Abiria, wagonjwa, magunia.

— Ndiyo maana nakwambia hizi. Lakini sikiliza, hii si ya kupandisha asubuhi na kushusha jioni. Unatafuta kimo chako mara moja, unafunga, unapaka grisi vumbi lisile uzi. Unakijua kimo?

— Nimepewa.

Sarafu ya mwisho ikadondoka, simu ikakatika.

Korane akatuma pesa, shoki zikaja kwa basi. Siku ya kuzifunga, Abshiro alikuja gereji kwa miguu yake na magongo yake, mama Arbia nyuma yake, akawekewa benchi. Yarrow alidhani amekuja kutazama. Alikuwa amekuja kusimamia.

— Shusha chini, nipime, — alisema. — Bado. Zungusha mara mbili, pande zote sawa.

Magurudumu yakafungwa, yakafunguliwa, jeki ikapanda na kushuka mara sita. Utepe uliposema ishirini, Yarrow akaanza kufuta mikono. Abshiro akamwambia aingie garini na wanaume watatu, kisha akamtuma kijana wa gereji asukume tofali chini ya injini, kuona kama gari lenye mzigo litapita tuta. Tofali likapita.

— Sasa kaza, — alisema.

Yarrow alimtazama, akamwambia Korane pembeni kwamba miaka kumi na minane anafunga springi na hajawahi kuona akili namna ile. Korane alijibu kuwa yeye anaijua tangu zamani.

Zilibaki siku tatu mwezi uandame. Diriye, dalali wa mbuzi, alikuwa soko la mifugo aliposikia breki. Akaona Corolla, kimo chake si cha juu wala cha chini, mama Arbia kiti cha nyuma na dada yake mbele. Akaacha mbuzi na mteja, akakimbia kama kawaida yake, mikono mbele.

— Kaa hapo hapo, aboowe.

Akasimama. Abshiro alitoa miguu nje, akashika mlango, akainuka. Hakuna kilichogonga, hakuna aliyemshika. Akaweka magongo kwapani, akatembea hatua nane mpaka kwa kaka yake.

— Mjibu mtu wa Kutulo. Mwambie asante, nimeposwa.

— Na nani?

— Huyo anayeangalia mbele. Bado hajasema. Mwite aseme.

Diriye hakumwita mara moja. Alikuwa anaitazama mikono yake, iliyombeba dada huyo miaka ishirini na minne, kama mtu aliyepewa vitu asivyojua pa kuviweka. Kisha akajifuta macho kwa kikoi, akamwashiria Korane aje.

Nikahi ilifungwa wiki mbili baadaye, baada ya sala ya alasiri. Baba yao alishafariki, kwa hiyo Diriye ndiye walii wake, wa kumwozesha. Alimshika Korane mkono, sheikh akakohoa tayari kuanza, Diriye akaomba kwanza aseme neno lake.

— Kuna siku utamwona anahangaika na utataka kumnyanyua, — alimwambia Korane. — Akikuambia mwache, mwache. Mimi nimejifunza hilo mwezi huu.

— Nimekubali, — Korane alisema.

Wazee wakaangua kicheko. Sheikh akamwambia atulie, hajaulizwa bado, akaanza upya kutoka bismillahi.