Dunia Ina Kitambi

"Hebu niambie ukweli, uko wapi?"

"Nimeshakwambia, mpenzi. Nimetua. Nasubiri begi langu."

Fundi cherehani akaitazama ramani ya dunia iliyobandikwa ukutani. Futi yake ya kupimia nguo ilikuwa imenyooshwa kati ya pini mbili: moja kwenye uwanja wa ndege wa kwao, nyingine kwenye uwanja wa mbali alikokwenda mchumba wake, nesi, kuanza kazi mpya.

"Ni kilomita elfu kumi na tatu na mia tano," akasema. "Ndege inakwenda mia tisa kwa saa. Hizo ni saa kumi na tano. Wewe umetumia kumi na moja. Ulishuka ukaisukuma?"

Nesi akacheka. Lilikuwa kosa kubwa.

"Na njiani uliona nini?"

"Barafu tupu, mpaka macho yakauma."

Futi ilipita juu ya jangwa na bahari. Barafu haikuwepo hata ya kutia kwenye glasi. Akakata simu.

Mahakama ikaketi papo hapo, hakimu akiwa mama yake, mzoefu wa kesi za aina hii.

"Yuko hapa hapa mjini," mama akahukumu huku mkasi ukiendelea kukata kitambaa. "Baba yako naye alipiga simu hivyo hivyo, eti ametua. Nikapima. Nikajua kalala kwa mwanamke mtaa wa pili. Simu zake sikupokea tena."

"Alipiga sana?"

"Sana. Kisha kimya. Lakini mimi bado naisikia ikiita, hata ikiwa imezimwa."

Meseji ikaingia kutoka kwa nesi: "Fundi, mteja mwenye kitambi unampima kiuno kwa kunyoosha futi mbele ya tumbo?"

Akajibu: "Naizungusha. Usibadilishe mada."

"Basi dunia nayo ina kitambi. Azima lile tufe la dunia la mwalimu jirani, upime kwa uzi."

Akaliazima, kwa hasira. Lakini uzi ulipokazwa juu ya tufe, ulilikimbia jangwa wenyewe, ukapanda kaskazini, ukakatiza katikati ya weupe. Akaupima. Elfu tisa na mia tisa. Saa kumi na moja.

"Kumbe mkweli," akanong'ona.

Mkasi wa mama ulikuwa umesimama.

"Nipimie na safari ya baba yako."

"Mama, tuyaache hayo."

"Pima."

Mama akamwonyesha kwa kidole uwanja aliotaja baba. Uzi ukapanda tena kaskazini.

"Alikwambia alisafiri kwa saa ngapi?"

"Tisa. Nikamwambia labda aliruka na malaika, kwa sababu ramani ilisema kumi na tatu."

Fundi akapima, akarudia, akatamani akosee.

"Ni tisa, mama."

Simu ikaanza kuita mezani. Fundi hakuthubutu kuigusa. Mama alikuwa anaikodolea macho kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya simu hiyo.

"Nani?" mama akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ni nesi."

"Pokea, mwanangu. Pokea kabla haijakatika."