Upepo wa Viazi

Kila Jumamosi kabla ya chai, mimi Wariara huzunguka gari la Anti Jackie nikiwa na geji ya kupimia upepo wa tairi. Siku za kazi gari hilo hubeba viazi kutoka Mau Narok hadi Nakuru mjini. Mara moja kwa mwezi, Anti hulipeleka Rongai, kwenye mashindano ya madereva wa kawaida wapendao mbio.

Jumamosi moja ya mashindano, tairi za nyuma zilisoma arobaini na tano. Huo ni upepo wa kubebea magunia! Nilijua ni kazi ya Mjomba Gathogo, kaka yake Anti. Kwake yeye, tairi isiyo ngumu kama jiwe si tairi. Niliogopa ukali wake, nikanyamaza. Kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Katika raundi ya kwanza, gari tupu liliruka-ruka kwenye vumbi. Kwenye kona ya tatu likateleza nyuma, likazunguka, likasimama hatua mbili tu kutoka kwa watazamaji. Anti alishuka. Ilibaki raundi moja. Asipoingia sita bora, msimu wake umekwisha.

"Amekata kona vibaya," Mjomba alitangaza, akiwa amesimama na marafiki zake kando ya njia.

"Si kona!" nilifoka, nikashtuka kusikia sauti yangu mwenyewe. "Ni tairi. Umejaza upepo wa viazi, na leo hatuna viazi. Nilipima asubuhi, nikaona."

"Ala! Mtoto wa gredi ya saba atanifundisha gari?"

"Usiniamini mimi, Mjomba. Pima mwenyewe!"

Hakupima. Marafiki zake wakaangua kicheko.

"Punguza, Wariara," Anti alisema.

Nilipiga magoti, nikatoa upepo hadi ishirini na nane, tairi moja baada ya nyingine. Wacha wacheke!

Raundi ya pili tairi zilishika udongo. Kona ya tatu gari lilipita bila kuyumba. Anti alimaliza wa tano, na vicheko vikakatika. Mjomba alikohoa. "Haya, nilikosea," akasema.

Anti alinishika bega, lakini hakutabasamu. "Umesema ukweli, nimeingia sita bora. Asubuhi uliuficha, nikakaribia kugonga watu. Kunyamaza si heshima, Wariara. Ukiona hatari, sema hapo hapo, hata mkubwa akinuna."

"Nitasema, Anti," nilijibu, nikimtazama Mjomba machoni.