Kamba ya Mguu wa Mbele

Foleni ya lifti ya viti ya kupandia mlimani ilikuwa ndefu asubuhi ile Genta, mlinzi wa lango, alipomzuia Chizuru. Binti wa Nagoya, jaketi la rangi ya haradali, ubao wa mtumba wa kutelezea thelujini, na kamba ya usalama hana. Mlima ule bila kamba hupandi: ubao ukikuponyoka juu, huku chini unavunja mtu miguu.

"Dada, kamba yako iko wapi?"

"Ni lazima?"

"Mimi nalipwa kusema ni lazima."

Watu wakaguna. Genta akapiga goti thelujini na kamba ya akiba, ncha moja akaifunga kwenye kishikio cha mguu wa mbele pale ubaoni, ya pili akamzungushia chini ya goti. Akamuuliza kama inabana. Chizuru akasema haibani, ila mguu hakuuondoa.

Tangu hapo kila Jumamosi Chizuru akaja bila kamba. Chuo kikuu alimaliza, ila fundo dogo vile eti limemshinda. Genta akapiga magoti, wakataniana, jioni wakala tambi za moto, katikati ya wiki wakapigiana simu. Lakini neno lenyewe hakulisema mtu, na kwao Japani, mpaka mmoja atamke "tuwe pamoja", nyinyi si wapenzi hata mkila bakuli moja. Kila mmoja akamngoja mwenzake.

Mwezi wa pili, ofisi yake ikampa Chizuru nafasi Fukuoka, mbali kusini, jibu atoe Jumatatu. Moyoni alitaka Genta amwambie asiende. Jumamosi ile, kwa kuwa alikwishamwona Genta akichechemea kwa kupiga magoti, alimwonea huruma: akanunua kamba, akajifunza kuifunga sebuleni juu ya zulia, akaja nayo imekaza barabara.

Genta akaitazama. Nani kamfungia huyu? Akainamisha kichwa kama anavyowainamishia wateja wote.

"Karibu. Pita."

Chizuru akapaa na kiti chake haelewi kakosa nini. Genta naye, kutwa nzima, akapitisha watu wawili wasio na kamba.

Jumatatu mchana Chizuru akakubali Fukuoka. Jioni Genta akampigia simu.

"Nani kakufungia?" Hata salamu hakutoa.

"Kanifungia nini?"

"Kamba."

"Nimefunga mwenyewe, we mwanaume. Goti lako si linauma?"

Genta akasema hakuelewa.

"Hata mimi sielewi. Sisi ni nini hasa?"

Genta akalitoa lile neno kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. "Naomba tuwe pamoja."

"Genta, nimeshakubali Fukuoka. Leo hii."

Genta akaisogelea kalenda ukutani.

"Huko kuna theluji?"

"Haba."

"Na wanakula nini?"

"Mayai ya samaki, yenye pilipili."

"Sipendi samaki," akasema Genta. "Msimu unaisha mwezi ujao. Nitafutie chumba huko."