Tuta la Agnesi

Haya, wewe unayesoma, nikutegee. Miguu haimbebi, naye amebeba nchi nzima. Ni nani? Ukishindwa usinipe mji. Soma tu.

Mwaka ule watoto wa kijiji chetu, jirani na Msanzi, waliandikishwa shule wote. Mjukuu wangu Agnesi alibaki. Polio ilimpooza miguu akiwa mdogo, na baba yake, Modesti, alitaka apone kwanza.

Sisi Wafipa tunafukia nyasi kwenye matuta. Zikioza, tuta linapata joto. Modesti akawaza, joto linaloamsha mahindi litashindwaje na miguu? Basi kila asubuhi akamfukia Agnesi mpaka magotini.

Siku moja Silvana, muuguzi wa zahanati, alimletea mdogo wa Agnesi matone ya chanjo ya polio. Akatukuta shambani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Modesti, hapo umepanda nini?"

Modesti akashindilia udongo.

"Nangoja miguu, niende shule," Agnesi akasema.

"Kwani kusoma wanasoma kwa miguu?" Silvana akaketi. "Marekani kulikuwa na rais, Roosevelt. Polio ilimpooza ukubwani. Naye alijaribu joto. Alioga miaka mingi kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu."

"Akatembea?" nikauliza.

"Hatua chache, kwa vyuma miguuni na mkono wa mtu. Kwa kawaida alikaa kiti cha magurudumu. Lakini hakungoja miguu, bibi. Walimchagua urais mara nne. Tena alihimiza watu wachangie senti zao kupambana na polio. Alikufa kabla chanjo haijapatikana, ila michango ile ilisaidia kuipata."

"Rais mzima anasukumwa kama toroli," Modesti akanung'unika.

"Wewe toroli huna, mikono unayo."

Modesti akamfukua binti yake. Akang'oa mipini ya majembe mawili, akamtengenezea magongo.

"Tutalima na nini?" nikamuuliza.

"Mipini nitachonga mingine, mama. Shule haingoji."

Agnesi akaanguka, akacheka, akaanguka tena. Jumatatu akaingia darasani.

Wakati wa mavuno Silvana alirudi na matone ya mwisho. Agnesi akaegemea magongo, akasoma maandishi ya kanga ya mgeni, polepole: "We-ma... hau-o-zi."

Silvana akajifuta macho kwa kanga hiyohiyo.

Modesti akavua kofia. "Dada, uliniuliza pale nimepanda nini. Nilipanda miguu. Nimevuna msomaji. Asante."