Kamba ya Nsajigwa

Kamba ilivutwa mchana, jua likiwa utosini, na Mbonile akadhani ni mwizi.

Alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha kabini, nyuma ya usukani. Foleni ya malori ya mpakani Tunduma ilikuwa imesimama tangu alfajiri, na yeye alikuwa ameendesha usiku kucha kutoka Makambako. Kabla ya kulala alifanya kama wafanyavyo madereva wengi wa njia ile. Alifunga ncha ya kamba ya nailoni kwenye mfuniko wa tenki la dizeli, akaipitisha kwenye upenyo wa dirisha, akapanda. Akapitisha mkanda wa kiti kwenye vishikio vya milango yote miwili na kuukaza, ili mlango usifunguke kwa nje. Mwisho akafunga ncha ya pili ya kamba kwenye kifundo cha mkono wake. Mwizi wa dizeli akigusa mfuniko, kamba humwamsha dereva. Dereva hupiga honi, foleni nzima humwitikia kwa honi, na mwizi hukimbia. Lakini dereva hashuki. Hiyo ndiyo sheria ya foleni, na kila dereva anaijua. Usishuke.

Sasa kamba ilivutwa, wala si kwa pupa ya mwizi. Ilivutwa taratibu, ikalegezwa, ikavutwa tena, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kwa heshima ili wasogee pembeni wazungumze.

Mbonile alichungulia kwenye kioo cha pembeni. Aliona mama anayeuza mahindi ya kuchemsha na bodaboda wawili wakibishana na wakala wa forodha. Kwenye tenki hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa imenyooka, imekaza kabisa, na akiwa bado anaitazama ikalegea. Harufu ikaingia kabini. Haikuwa ya dizeli. Ilikuwa ya udongo mbichi, udongo uliotoka kuchimbuliwa.

"Vipi, mwamba?" Raphaeli alikuwa amesimama chini ya dirisha. Lori lake lilikuwa nyuma ya la Mbonile, na miaka mingi walikuwa wakisafiri pamoja, wao wawili na Nsajigwa. "Mbona umetoa macho kama kondoo aliyepelekwa mnadani? Shuka tunywe chai."

"Kuna mtu kagusa tenki langu."

"Mchana huu? Basi huyo si mwizi, huyo ni mchumba."

"Kamba imevutwa, Rafa. Nimeiona kwa macho yangu."

Raphaeli aliishika kamba akicheka, akaitazama, akaacha kucheka. "Hii ya kijani umeitoa wapi?"

"Ilikuwa ya Nsajigwa."

Raphaeli aliiachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Vitu vyake si vilikwenda Itumba kwa mama yake vyote?"

"Hii ilibaki mfukoni mwangu."

"Itupe, kaka. Itupe leo hii." Akageuka, akarudi kwenye lori lake, chai aliyokuja kumwitia mwenzake akaisahau.

Nsajigwa alikuwa amekufa kwenye foleni hiyohiyo, msimu wa mvua. Asubuhi walimkuta kati ya matela mawili, amepigwa chuma kichwani, tenki likiwa tupu na kamba ingali mkononi mwake. Mbonile ndiye aliyeifungua. Aliitia mfukoni kwa sababu vidole vyake vilihitaji kitu cha kushika. Kule Itumba, siku ya kumaliza msiba, mama yake marehemu aliagiza kila kitu ambacho mwanawe alikishika barabarani kiletwe, kioshwe, kiombewe, ndipo kigawanywe. Blanketi lilitolewa, viatu vilitolewa, hata kijiko. Mbonile akaiona kamba ni kitu kidogo mno kukitaja mbele za watu. Na ilikuwa imara. Akaendelea kuitumia.

Jambo moja tu halikupata jibu msibani. Nsajigwa alikuwa mwoga wa kushuka kuliko madereva wote. Alishukaje usiku ule?

Karatasi za mzigo zilichelewa, basi Mbonile akaegesha lori kwenye uwanja wenye mlinzi, akaiacha kamba chini ya kiti, akaenda kwake Mbozi. Alipofika alimkumbatia mkewe, Rozi, akajisikia mzima. Wakaketi kula. Alipopeleka tonge mdomoni, mkono wake ukavutwa, na mchuzi wa maharage ukamwagika kifuani.

"Yaani sasa nikulishe?" Rozi alisema. "Mwanamume mzima unaendesha lori refu kama kijiji, mdomo wako unaukosa!"

Mbonile naye alicheka kidogo, kwa ajili ya mkewe. Chini ya meza aliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kamba haikuwapo, lakini kwenye kifundo ngozi ilikuwa imebonyea mviringo, kama imefungwa.

Jumapili, wakati wa maombi, macho yote yakiwa yamefumbwa, mkono wake uliinuka wenyewe ukanyooka kuelekea mlangoni. Mzee wa kanisa alifurahi sana. Alidhani dereva ameguswa na Roho na anataka kutoa ushuhuda. Mbonile akajikaza kwenye benchi, jasho likimtoka, akisema moyoni, Bwana, mimi nimekaa, mimi siendi popote, Bwana, nishikilie hapa nilipo.

Siku iliyofuata hakuvutwa kabisa. Akashukuru. Saa za alasiri ukungu ulipoanza kushuka alikwenda shambani kumwita Rozi, aliyekuwa akipalilia kahawa, na hakumwona, ila aliona jembe lake limelala, kisha akaliona vazi lake likitembea polepole kule mbele kati ya miche, na alipoita hakuitikiwa, na alipokaza mwendo aliona kwamba mkewe ametanguliza mkono mmoja mbele kama mtoto anayevushwa barabara na mtu mzima, na mbele ya mkono ule hapakuwa na kitu ila ukungu, na ile harufu ya udongo ilikuwa imejaa shamba zima, na ng'ambo ya miche ya mwisho ilikuwapo barabara kuu na malori yakishuka mteremko kwa kasi, taa zimewashwa, yasione mtu, naye akakimbia akikanyaga kahawa yake mwenyewe, akamkumbatia Rozi kiunoni wakiwa tayari kwenye ukingo wa lami, na upepo wa lori lililopita ukawaangusha wote wawili majanini.

Rozi alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Kwani si wewe uliyekuwa unanivuta?" alinong'ona.

Kwenye kifundo cha mkono wa Rozi ilikuwapo kamba ya kijani, ile ambayo Mbonile aliiacha Tunduma chini ya kiti, na fundo lilikuwa lilelile la Nsajigwa.

Hawakulala nyumba ile. Walipanda gari la Itumba, wamekaa wameshikana, kamba ikiwa ndani ya mfuko wa unga, na njia nzima mfuko ule ulitikisika mapajani kama una kuku.

Mama Gwantwa, mama yake Nsajigwa, alikuwa jikoni akipukuchua maharage. Mbonile alipiga magoti mlangoni, akamweleza yote bila kuinua uso. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Niliuliza siku ile," alisema. "Niliuliza mara mbili, kuna kilichobaki? Na wewe ulikuwa umesimama pale, umenyoa vizuri, unasema hakuna, mama."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe, lakini si sasa hivi. Sasa hivi nina hasira." Akamgeukia Rozi, akamshika shavu. "Pole, mwanangu. Huyo aliyekuvuta si Nsajigwa wangu. Nsajigwa alikuwa haniachi hata niguse ndoo yenye maji. Hawezi kumpeleka mke wa rafiki yake chini ya gari. Hicho ni kitu kilichokunywa damu pale alipoangukia, na kamba yenye damu hiyo ndiyo mlango wake. Lete."

Aliifunga kamba kwenye mkono wake mwenyewe. Rozi alitaka kumzuia, mama akamkatalia kwa jicho. Ncha nyingine aliirusha nje ya mlango, kwenye ukungu. Haikuanguka chini. Ilinyooka, ikakaza.

"Kwa jina la Yesu," Mama Gwantwa alisema, "sema unachotaka."

Kuku walinyamaza uani. Harufu ya udongo iliingia mpaka moto ukapungua. Kisha nje, karibu kabisa na mlango, sauti ya Nsajigwa ikasema, "Shuka."

"Nishuke wapi?" mama akauliza. "Mimi nimekaa chini. Mwanangu anaijua nyumba yangu, haina ngazi."

"Shuka," sauti ilisema tena, na sasa haikuwa ya Nsajigwa. "Shuka, tumemkamata mwizi wako. Shuka umwone." Kile kitu hakikuwa na maneno yake chenyewe. Kilikuwa na maneno ya usiku ule tu, kiliyasema moja baada ya jingine kama yalivyosemwa, na mama akayasikia yote, mlango wa kabini ukifunguliwa, viatu vikigusa kokoto, kisha mwanawe mwenyewe, kwa mshangao wa mtu anayemtambua mtu, "Rafa, hawa ni nani?" na chuma, na pumzi, na pumzi iliyokuwa inatafuta njia ya kutoka na haipati, na mama akawa amekaa palepale na mkono wake ukivutwa, machozi yakidondokea kwenye maharage, haendi.

Iliponyamaza akauliza, "Rafa ni nani?"

"Ni rafiki yetu," Mbonile alisema.

Mama Gwantwa alianza kuivuta kamba ndani, mkono baada ya mkono, akiomba kwa Kindali, lugha ya kwao, polepole, kama mwanamke anayevuta ndoo kisimani. Kile kitu kilivuta kwake. Mama akavuta. Ncha ilipofika mlangoni aliikata kamba mkononi kwa kisu cha jikoni, akaisukuma yote motoni. Ililia kama kuni mbichi zinavyolia motoni, ikatoa moshi mweusi wa dizeli, ikawa majivu. Nje kitu kizito kilikanyaga majani ya mgomba, kikashuka mlima.

"Kwenu kimetoka," alisema. "Mimi siwezi kukiua. Kinakwenda kwa mwingine aliyemo kwenye maneno yale." Kisha akawapa chakula.

Asubuhi simu ya Mbonile iliita. "Kaka, foleni imesogea," Raphaeli alisema. "Njoo."

Alimwacha Rozi kwa Mama Gwantwa. Kwenye kituo cha polisi cha Tunduma alisimama mbele ya meza, akaeleza yote, kamba, ile sauti na jina la Rafa. Askari mmoja kijana alimcheka, "Shahidi wako ni jini? Nimwandikie wito?" lakini akasema angepita kwenye foleni baadaye, akitoka kunywa chai. Mbonile akaenda kwenye lori lake, akaliingiza kwenye foleni, akakaza mkanda kwenye milango na kukaa akisali. Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito. Kwenye kioo aliona lori la Raphaeli limesimama nyuma yake.

Mlango ukagongwa, taratibu.

"Shuka, kaka." Ilikuwa sauti ya Raphaeli, ileile iliyosikika Itumba. "Shuka, nakuomba."

Mbonile aliukaza mkanda zaidi.

"Mbonile, shuka unishike! Mimi nakwenda!"

Alichungulia. Raphaeli alikuwa ameng'ang'ania kishikio cha mlango kwa mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka mbele, unatetemeka, na kwenye kifundo ngozi ilikuwa imebonyea mpaka imekuwa nyeusi. Vidole vya kushoto viliteleza kimoja kimoja. Akaanza kutembea kuelekea kwenye pengo kati ya matela, visigino vikichora kokoto, na mbele malori yalianza kunguruma kwa sababu foleni ilikuwa inasogea kweli.

Mbonile alibonyeza honi. Honi zikaitikia mbele na nyuma, lakini hakuna aliyeona kitu cha kuzuia, na hakuna aliyeshuka. Aliutazama mkanda kwenye milango. Huyu ndiye aliyemwita Nsajigwa. Angekaa tu, asingekuwa amefanya kosa lolote, angekuwa ameshika sheria. Ndipo akamkumbuka Rozi kwenye ukingo wa lami, na mikono yake ikaanza kufungua mkanda kabla hajaiambia.

"Bwana, ukae nami huko chini," alisema, akashuka.

Alimshika Raphaeli shingoni wakati tairi la tela lilikuwa tayari limemgusa goti. Wakaanguka matopeni, Mbonile juu yake, akimkandamiza kwa uzito wote.

"Niliwaambia wachukue dizeli tu," Raphaeli alilia mdomo ukiwa kwenye tope. "Walisema Nsajigwa hafungui kwa mgeni. Walitaka sauti anayoijua. Dizeli tu, kaka, naapa! Sikujua wana chuma."

Madereva walikuwa wamekusanyika wakati huo, na yule askari kijana alipita katikati yao na kikombe cha chai bado mkononi. Alisikia maneno yale. Aliweka kikombe kwenye bampa, akatoa pingu, bangili moja akaifunga kwenye mkono wa kulia wa Raphaeli na nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kituo hakikuwa mbali na wangekwenda kwa miguu.

"Pisheni njia," alisema.

Mbonile alibaki ameketi kwenye tope akijipapasa kifundo cha mkono. Kilikuwa laini, kizima. Aliinua macho kushukuru, akawaona wale wawili. Kituo kilikuwa upande wa kulia. Wao walikuwa wanakwenda kushoto, kwenye ukungu, kulikokuwa na pengo la matela na magurudumu yanayotembea. Raphaeli alikuwa amejitupa nyuma kwa nguvu zake zote, amekanyaga kwa visigino vyote viwili.

"Wewe! Acha kunivuta," askari alisema.

"Si mimi, afande."