Taa ya Kijani ya Sekela

Pimio, mashine ya kupimia watoto, lilikunjuka katikati ya ukumbi kama mwamvuli, likashusha mikono yake myembamba, na kwenye kioo chake ikatokea sura ya dada mwenye tabasamu. Watoto wa Shule ya Kilele cha Nuru wakapiga makofi. Walikaa mbele yake mmoja mmoja. Lilimsimulia kila mtoto hadithi fupi, likamuuliza maswali, na kwa majibu yake na mwendo wa macho yake likatambua kama ana shida ya kusikia, kuona, kusoma au kutulia. Taa ya kijani ilimaanisha mzima. Nyekundu ilimaanisha serikali itamletea mwalimu maalumu na shule hairuhusiwi kumfukuza, hata kama ni shule ya kulipia.

Katika Dodoma nzima, hakuna shule iliyomtia shaka Nsia Mrindoko, mhandisi aliyelibuni Pimio, kama hii. Tangu sheria ya kuwapima watoto ianze, hapa taa haijawaka nyekundu hata siku moja.

"Watoto wote hawa, Mwalimu? Hata mmoja?"

"Sasa Injinia, unataka tukutengenezee mgonjwa?" Mwalimu mkuu Chiduo alicheka kidogo, akaangalia saa. "Mashine ni yako. Ikisema wazima, ni wazima."

Nsia alikagua chini ya meza, nyuma ya mapazia, hata kola za sare, akitafuta kifaa cha kuwanong'onezea watoto majibu. Hakuona kitu.

Nje ya ofisi, mama mmoja alikaa kwenye benchi na binti yake, begi la shule magotini. Nsia hajawafikia, mtoto akaruka wima.

"Shikamoo!" Sauti ilijaa korido.

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo!"

"Mbona hayuko darasani?" Nsia alimuuliza mama.

"Sekela? Anafukuzwa, dada. Wanasema ni mkaidi. Akiitwa haitiki, akitumwa hiki analeta kile. Nikawaambia labda ni masikio, wakanionyesha majibu ya mashine. Kijani." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Nami nimemchapa sana. Si mashine imesema anasikia?"

Nsia alimgeukia mtoto. Eliapenda, mdogo wake, alikuwa akisalimia hivyohivyo, kwa sauti kubwa, mtu akiwa bado mbali. Walimwona ana adabu kupita kiasi. Baada ya kumzika ndipo walipoelewa: salamu ndiyo mazungumzo pekee ambayo alijua mapema atajibiwa nini. Dereva wa treni iliyomgonga aliapa kwamba alimpigia honi mpaka mwisho. Kwa ajili ya honi ile Nsia alilitengeneza Pimio.

Akarudi hadi mwisho wa korido, akavuta mtandio ukamfunika mdomo, akaja tena. Sekela akasimama.

"Shikamoo!"

"Kamba ya kiatu chako imefunguka," Nsia alisema nyuma ya mtandio.

"Sijambo!" akajibu Sekela.

Mama yake akashika kinywa. Chiduo, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka tena.

"Lakini Injinia, mashine yako..."

Nsia alikuwa ameshaelewa. Ile sura. Aliichora mwenyewe ili watoto wasiogope, akaipa midomo inayotamka kila neno vizuri kuliko mtu yeyote. Mtoto asiyesikia aliweza kuisoma. Asubuhi nzima alikuwa amemtafuta mdanganyifu shuleni, kumbe ni tabasamu alilolichora yeye.

Wakarudi ukumbini. Nsia akaizima sura, Sekela akaketi mbele ya kioo cheusi. Pimio likaanza hadithi, sauti ikatanda ukumbi mzima. Mtoto alisubiri. Akainama mbele, akatafuta mdomo, akageuka kumtazama mama yake. Kisha, kama mtu anayeogopa kuchelewa, akakiambia kioo kitupu:

"Shikamoo!"

Taa nyekundu ikawaka.

"Basi haondoki," Chiduo alisema taratibu. Akageukia dirisha; nje walikuwa wakicheza watoto waliopimwa asubuhi. "Na hawa je? Na wa shule nyingine zote?"

Nsia alimwona Sekela bado amekikodolea macho kioo, akingoja kuitikiwa. Akapiga magoti mbele yake, akauteremsha mtandio mpaka mdomo ukaonekana wote.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sekela akashusha pumzi.

"Sijambo," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.