Mkuu Aliyepigana Vita Mezani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, ndiyo siku iliyoniharibia kila kitu. Asubuhi ilikuwa tulivu. Akina mama wa kanisa walipanga mawe juu ya kuni yapate moto wa kuokea chakula, wengine wakimenya viazi vitamu na kukuna nazi. Mke wangu, Nesta, aliwatania wenzake kwamba mikono yao inafaa kuombea tu. Moto ulipokolea, ardhi ikapasuka. Bomu la vita vya enzi za babu zetu lilikuwa limelala chini ya mawe yale. Nesta ndiye aliyekuwa karibu.

Nisikilizeni, ndugu zangu. Hii haikuwa ajali.

Majuma machache kabla, Nesta alikuwa akichimba muhogo, akagonga chuma. Tukakizungushia fito, watoto tukawakataza. Nikavuka ghuba hadi kwa mkuu wetu wa wilaya, Hudson Vaike, aite wataalamu wa mabomu wapime eneo lote. Nikamkuta ameinamia mchezo wa vita vile vile mezani: ramani ya kijani, vibao vidogo vya askari, dado. Anacheza peke yake, mkono huu Mjapani, mkono huu Mmarekani!

"Subiri, mzee. Wajapani wanakaribia kuvuka mto."

"Mto gani?"

"Wa kwenu! Hiki si kijiji chenu? Hukijui?" Akacheka.

Nikatazama. "Nyumba zetu ziko wapi?"

"Hapa ni msitu tu. Mchezo hauna haja na nyumba."

"Na bomu letu, mkuu?"

"Mzee nawe! Vita vimekwisha tangu babu yako, bado unatetemeka? Wiki ijayo nitawapigia simu wataalamu." Akarusha dado. "Aa! Umeniletea mkosi!"

Nikarudi kwake tena. Wajapani walikuwa wameshashindwa, naye anapanga vibao upya. Simu hakuipiga. Sisi tulikikwepa chuma tulichokiona. Kilichomuua Nesta kilikuwa kando kidogo, hakuna aliyekijua. Wataalamu wangeitwa, wangepapima pale.

Mazishini Vaike alikuja na shati jeupe. "Pole, mzee. Ni mapenzi ya Mungu."

Shemeji yangu Alick hakuvumilia. "Mungu mwache, mkuu. Mungu hakuwa na simu mezani."

Vaike akatazama saa yake, akasema boti inamsubiri.

FUNZO

Kucheza si dhambi. Dhambi ni kukalia kiti cha watu na kucheza huku wenyewe wanakungoja mlangoni. Mkubwa wa namna hiyo hafai kuamkiwa kwa heshima. Mkiwa na shida nendeni kijiji kizima, mkae hapo hapo ofisini kwake mpaka apige simu mkimwona kwa macho yenu.

Vaike bado yuko kazini. Wataalamu hawajaja. Na muhogo hauivi bila moto. Nimeuliza ofisini, nimeuliza kanisani, mpaka leo sijajibiwa: kesho akina mama wawashe moto wapi?